Usimpe fundi hiyo mbuzi

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Somo yangu,

Ujumbe wako, kwamba unataka fundi aisafishe mbuzi ya kukunia nazi ya bibi yako, nimeusomea kwenye daladala hadi nikapitiliza kituo. Hiyo mbuzi, nakusihi, usimpe fundi. Kama umeshaipeleka, kaifuate leo hii, hata kama umeshampa kianzio.

Mwenzio nilishaungua. Unakikumbuka kile kigoda cha babu, cha Ukerewe, ulichokikalia siku ya msiba ukasema kinakushika kama kiganja? Gogo moja, miguu mitatu, hakina hata msumari. Mwaka juzi nilimpa fundi mmoja hapa mtaani anizibie ufa tu. Nilichorudishiwa kilikuwa kinang'aa kama jeneza. Alikipiga msasa hadi mti ukawa mweupe, akapaka vanishi mara mbili. Pale ukingoni babu alikuwa akifutia kisu cha samaki, miaka na miaka, na palikuwa na kibonde kidogo cheusi. Hakipo tena. Na fundi mwenyewe alijua amenifanyia hisani, hata hela ya ziada hakutaka! Nilimshukuru, nikaenda kulia chooni.

Weusi unaouona kwenye mbuzi si uchafu, somo. Ni tui, jasho, moshi wa jikoni na khanga za bibi zilizosugua pale alipokuwa akikaa. Ifute kwa kitambaa kikavu, basi. Weusi huo ndio unaokwambia kitu hiki ni cha zamani, kwa sababu wapo wanaovizeesha vitu makusudi: kigoda kinachongwa Jumatatu, kinapakwa dawa ya viatu na kufukizwa moshi, Ijumaa kinauzwa kwa mgeni kuwa ni cha enzi za watemi. Mimi hukipindua kwanza nikatazama uvunguni. Mti huchakaa pale unaposhikwa na kukaliwa. Kikiwa kimechakaa sawasawa kila mahali, hadi huko ambako mkono haufiki, naulizia bei ya kuni.

Sasa hivyo vitundu ulivyovipiga picha. Hao ni bungua, wadudu wanaotoboa mti. Kwanza ujue kama bado wamo: ilaze mbuzi juu ya kitambaa cheusi siku mbili tatu. Ukikuta unga mpya mweupe, wanakula. Usimwagie mafuta ya taa, yatanywewa na mti na harufu haitoki. Chomoa ule ulimi wa chuma kama unachomoka, funga mti kwenye plastiki mbili, kamua hewa yote, ziba kwa solatepu, halafu tia kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi, wiki mbili. Ukiutoa usifungue plastiki mpaka kesho yake, la sivyo mti utatoka jasho na kulowa.

Friza mimi sina. Nilimbembeleza mama mmoja wa pale Mwaloni anayeuza sangara, akanihifadhia ubao wangu wa isolo katikati ya minofu. Wateja wakawa wanauliza yule samaki mwenye mashimo anauzwaje.

Huo ubao hujauona. Isolo ndiyo bao la Wasukuma: safu nne, mashimo manane manane, jumla 32. Kwenye huu wangu yote ni ya duara, hakuna lile shimo la mraba liitwalo nyumba kama kwenye bao la huko kwenu Bagamoyo. Nimeununua kwa mzee mmoja mbele ya Kisesa. Una ufa mrefu ulioshonwa kwa waya wa breki ya baiskeli, mishono saba, na huo mshono ndio ulionifanya nitoe hela. Mashimo ya upande mmoja yamelika kuliko ya pili. Mzee akasema huo ndio uliokuwa wa kivulini, na yeye ndiye aliyekuwa mwenye nyumba.

Usidhani nakusanya vya kwetu tu. Mitumba ya Mlango Mmoja ina mambo. Juzi nimepata farasi mwekundu wa mti, urefu wa kidole, maua yamechorwa begani. Kijana alikuwa anamuuza kwa jina la punda, kwa kuwa hana mkia. Tumboni kuna karatasi imeandikwa Nusnäs, kwa hiyo ni farasi wa Dalarna, Uswidi, ambao wengi wao hawachongwi mkia. Wenyewe walikuwa wakiwachonga jioni za baridi, wawape watoto.

Wale wanasesere wa Kirusi wanaoingiana ndio walionitia uchungu. Wa kundi moja huchongwa kwenye mti mmoja, mdogo kabisa akianza, ili wote wavimbe na kusinyaa pamoja. Muuzaji alikuwa ameshawatenganisha na kuwauza mmoja mmoja! Nimebaki na mama mtu, tumbo tupu. Namtilia sindano za kushonea.

Ukija Mwanza nitakupeleka makumbusho ya Bujora uone ngoma za Wasukuma, uguse ukuta tu, ngoma hazigusiki.

Dagaa nimempa kondakta wa basi la kesho, sado mbili, nitakutumia namba yake. Na mbuzi ikitoka kwenye friza, nipigie picha uvunguni kabla hujaifuta chochote. Bibi alikuwa na mazoea ya kuweka alama kwenye vyombo vyake, au nimemchanganya na shangazi yako?

Ni mimi,
somo yako