Mheshimiwa Waziri, chupa ya chanjo ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

YAH: KIFADURO NA WIKI ZA MWANZO ZA MTOTO

Salaam, Mheshimiwa. Mimi ni mkunga mstaafu, nimekaa kwenye meza ya chanjo miaka 28, kwanza zahanati, baadaye kituo cha afya. Siandiki kulalamikia pensheni, hiyo ina barua yake.

Mwaka jana, wakati wa mvua za vuli, binti yangu alimpeleka mwanawe kliniki akiwa ametimiza wiki sita. Mtoto alipimwa kwenye mzani wa kuning'iniza, akalia, akavishwa tena kofia yake ya sufu. Kisha binti akaambiwa: "Leo mko wanne tu, siwezi kufungua chupa. Rudi Jumatano." Jumatano maji yalikuwa yamejaa barabarani. Jumatano iliyofuata nesi alikuwa semina. Mjukuu wangu akaingia wiki ya tisa, na paja lake la kushoto halijaguswa na sindano.

Kikohozi alikileta binamu yake wa darasa la tatu. Alikuwa amekohoa wiki ya tatu sasa, zaidi usiku, na akimaliza anatapika. Tukasema ni vumbi la shule. Nasema "tukasema" kwa kuwa na mimi nilikuwepo, na miaka yangu yote 28, nikichemsha tangawizi. Hata mdogo alipoanza kutoa kamasi, nilisema ni mafua ya kawaida. Kumbe ni kifaduro.

Watu wengi wakisikia kifaduro wanangojea ule mlio wa mwisho, mtoto anapovuta pumzi kama jogoo anayejifunza kuwika. Mtoto mchanga mara nyingi hana nguvu za kuutoa. Anakohoa kidogo, halafu ananyamaza, na mama anadhani amepata nafuu kumbe pumzi imekata. Usiku wa tatu nilimpakata mwenyewe. Midomo ikageuka rangi ya zambarau, macho yakakodoka, mikono ikalegea pembeni kama ya mtu aliyelala. Nikampigapiga nyayo, nikamgeuza kifudifudi mkononi, akashtuka, pumzi ikarudi. Saa nane usiku tulikuwa kwenye bajaji.

Alilazwa siku 11, nyingi akiwa na mpira wa oksijeni puani. Aliruhusiwa akiwa na doa la damu kwenye weupe wa jicho la kulia, maana mshipa mdogo ulipasuka kwa kukohoa. Doa limeisha. Sasa anatembea, na vikombe vyangu vya udongo vimebaki viwili.

Mheshimiwa, yule nesi simlaumu. Maneno hayohayo nimewahi kumwambia mama mmoja aliyekuja kwa miguu kutoka kijiji cha mbali, na hadi leo sijui alirudi au hakurudi. Chupa moja ni ya watoto kadhaa, na sisi wa meza ya chanjo tulikuzwa tukiogopa kutupa dozi zinazobaki. Mwisho wa mwezi ripoti inauliza dozi ngapi zimeharibika. Haiulizi watoto wangapi wamerudishwa nyumbani.

Lakini hofu hiyo inawekwa mahali siko. Chanjo ya kifua kikuu na ya surua huja ikiwa unga. Ukishaichanganya na maji yake una saa sita tu, na kinachobaki kinamwagwa. Kwa hizo, naelewa nesi akikusanya watoto. Pentavalenti, ambayo ndani yake kuna kinga ya kifaduro, huja ikiwa ya maji tayari. Kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), chupa yake iliyofunguliwa inaweza kutumika hadi siku 28, mradi imekaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, haijapita tarehe, kibandiko cha kuonyesha joto hakijafikia rangi ya kutupwa, na kizibo cha mpira hakijazama kwenye maji ya barafu. Unaandika tarehe ya kufungua kwenye lebo, unairudisha kwenye jokofu, mtoto wa kesho anaikuta. Sasa kwa nini mtoto wa wiki sita asubiri wenzake watimie, kana kwamba tunapakia daladala?

Naomba utoke waraka wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ubandikwe ukutani juu ya kila jokofu la chanjo: pentavalenti inafunguliwa hata kwa mtoto mmoja. Na ripoti ya mwezi iongezwe safu ya watoto waliorudishwa bila chanjo. Nesi akijua atahesabiwa kwa hilo pia, mkono utakuwa mwepesi.

Hilo halina gharama ya kutisha. La pili lina gharama, nalijua, na ndilo lililonifanya nikae chini kuandika.

Hata chupa zote zikifunguliwa kwa wakati, mtoto haanzi kupata kinga ya kifaduro kabla ya wiki ya sita, na dozi moja haimtoshi. Anahitaji ya wiki ya 10 na ya 14. Ndani ya miezi hiyo ya mwanzo ndipo kifaduro kinapoua zaidi. Nani atamkinga? Ndugu zake hapana. Kadi ya yule binamu niliikagua, dozi zote tatu zimo, lakini kinga ya kifaduro huchakaa jinsi miaka inavyokwenda. (Kuna suala la dozi ya nyongeza mtoto akiwa mwaka wa pili, WHO wanaishauri. Leo naliacha.)

Anayebaki ni mama. Mjamzito akichomwa chanjo yenye kinga ya kifaduro katika miezi mitatu ya katikati au ya mwisho, kinga inavuka kondo la nyuma na mtoto anazaliwa nayo. Uingereza walianza hivyo Oktoba 2012, mwaka ambao watoto wachanga 14 walikufa kwa ugonjwa huu. Tusiseme ni mambo ya Ulaya. Afrika Kusini nao wameiingiza kwenye ratiba ya wajawazito tangu 2024.

Na sisi sindano ya mjamzito tunayo. Kila mama anaijua, anaiita "sindano ya pepopunda", anakunja mkono wa gauni kabla hujamwambia. Kwa sindano hiyo, pamoja na uzazi salama, mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kwamba pepopunda ya watoto wachanga si tatizo la afya ya jamii tena. Nilipoanza kazi niliwaona watoto wale wakikakamaa. Wakunga vijana wa leo wanaisoma kwenye daftari.

Sindano hiyo ya leo, Td, ina kinga mbili, pepopunda na dondakoo. Ninachoomba ni ile yenye ya tatu, Tdap. Mkono ni uleule, siku ni ileile ya kliniki, kadi ni ileile. Mama hapandi boda mara ya pili. Na kinga ya kifaduro iliyomo humo imetengenezwa kwa vipande vya kijidudu, si kijidudu kizima kilichouawa kama katika pentavalenti, kwa hiyo homa na uvimbe ni haba.

Bei yake iko juu kuliko ya Td, sitaki kukudanganya. Basi tuanze na mikoa michache, tuhesabu, tuone. Ila hesabu hiyo iwekwe mezani iwe na pande mbili: bei ya dozi, na siku 11 za oksijeni, kitanda, dawa, bajaji ya saa nane usiku, na mama aliyeacha genge lake likioza nyanya.

Nasubiri majibu, Mheshimiwa. Hata ya "tumepokea".

Mkunga mstaafu,
Tanga.

Nakala:
Mganga Mkuu wa Mkoa.
Mganga Mkuu wa Wilaya.
Dada wa meza ya chanjo, ambaye binti yangu anamsalimia, na anauliza Jumatano hii utakuwepo?