Muuaji Kashajulikana, Mbona Silali?

Ngamiani, Tanga
Jumapili usiku

Somo yangu mpenzi,

Kifurushi kimefika. Kondakta alikuwa amekichomeka kati ya magunia ya dagaa, na vitabu vyako vikaja vinanuka Mwanza nzima. Nimevianika dirishani siku mbili, wapi. Kwa hiyo kila maiti niliyokutana nayo kwenye kurasa hizi ilikuwa na harufu yake kabisa. Ahsante sana, mwenzangu, umenitendea haki.

Ulisema nikuandikie nilivyoviona, tena kwa barua, si kwa ujumbe wa simu wa "kizuri sana" ambao umeuchoka. Haya, kaa kitako. Watoto wamelala, umeme upo, na kesho duka la dawa nafungua saa tatu.

Naanza na yule dada wa Lagos, Oyinkan Braithwaite. *My Sister, the Serial Killer* kilitoka mwaka 2018, mwaka uliofuata kikaingia kwenye orodha ya awali ya tuzo ya Booker, na mie nakisoma leo, baada ya watu wote. Nilikifungua saa tatu usiku nikisema nionje kurasa mbili tu. Sura zake fupi fupi kama karanga. Nani anakula karanga moja? Saa nane nipo macho, chai imepoa, mbu wamenimaliza.

Ajabu yake ni kwamba hakuna cha kutafuta. Hujakaa sawa, Ayoola keshampigia dada yake Korede simu kumwambia kaua. Tena si wa kwanza, wa tatu huyo. Korede anabeba jiki na glavu anakwenda kusafisha, maana yeye ni nesi na damu anaijua inavyojificha. Muuaji unamjua, kisu unakijua, mfuta damu unamjua. Sasa kinachokuweka macho ni nini? Nimejiuliza wiki nzima huku nahesabia watu vidonge, mpaka mzee mmoja nusura nimpe pakiti ya mwenzake.

Jibu nililolipata ni Korede. Ayoola hakunitisha, wallahi. Mzuri, mdekaji, anaua na kusahau kama mtu aliyevunja glasi kwenye harusi ya watu. Aliyenitia baridi ni huyu mwenye akili timamu, mwenye kazi yake na heshima zake, anayepiga deki. Maana somo, akina Korede tunawajua. Hawajazika mtu mtoni, la. Lakini kila ukoo una yule mmoja ambaye kaka akiharibu yeye ndiye huenda kuomba radhi, hulipa deni, huwaambia majirani "ameteleza tu, shetani kampitia." Tunamsifu kwa kusitiri. Mama yangu mdogo alikuwa hivyo hivyo, na mpaka leo sijui nimlaumu au nimwombee dua.

Na yule mgonjwa Muhtar! Kalala hajitambui, Korede anakwenda kumwaga siri zote pembeni ya kitanda chake kwa sababu hasikii. Nilipofika pale anapofumbua macho, nilifunga kitabu nikaenda kuangalia kama komeo la mlango nimelitia. Komeo la Tanga na kitanda cha Lagos wapi na wapi, lakini ndivyo nilivyofanya.

Kasoro ipo. Daktari Tade hakunikolea. Mwanamume mzima, msomi, hana jingine ila kutekwa na sura ya Ayoola. Labda mwandishi alikusudia hivyo, labda ni kweli wako hivyo, lakini mie nilitaka aniudhi kwa jambo zaidi ya hilo.

Cha Mukoma wa Ngugi, *Nairobi Heat*, nimekimaliza kwa siku mbili, na sina maneno mengi. Mwanzo wake mtamu: msichana wa kizungu amekutwa amekufa mlangoni kwa profesa Mwafrika, kule Madison, Wisconsin, na profesa mwenyewe anasifiwa kuwa aliokoa watu kwenye mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mpelelezi Ishmael, Mmarekani mweusi, anapigiwa simu na mtu asiyejitaja kwamba ukweli uko Nairobi, anapanda ndege. Hapo nilikuwa naye. Baadaye risasi zikawa nyingi mpaka nikaanza kuzichanganya. Ningekuwa mie, ningempunguzia watu bastola, nikamkalisha profesa Joshua kwenye kiti, chai mbele yake, azungumze. Shujaa ambaye hujui umwamini au umkimbie ni mtaji mkubwa. Huutapanyi kwa kufukuzana.

Sasa kituko changu mwenyewe. Kuna kijana anauza vitabu vya mitumba njiani, kavipanga chini juu ya turubai, nikaokota kwake *The Mysterious Affair at Styles* ya Agatha Christie. Ndiyo riwaya yake ya kwanza, ya mwaka 1920, na ndimo mpelelezi wake Hercule Poirot anapotokea kwa mara ya kwanza, mkimbizi wa Kibelgiji aliyehifadhiwa kwenye kijiji cha Kiingereza wakati wa vita. Nilikinunua kwa sababu ya bei, nisikudanganye.

Kumbe ni kitabu changu mimi! Huyu bibi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alijitolea kuuguza hospitalini Torquay, kisha akahamia chumba cha dawa, akasomea na kufanya mtihani. Yaani mwenzangu wa kaunta. Alikuwa kazungukwa na chupa za sumu mchana kutwa, akaona basi nimuue mtu kwenye daftari. Na sumu yake si ile ya sinema, mtu anakunywa funda moja anashika koo anaanguka. Anajua dawa gani ikikutana na chumvi gani hufanya nini, na inachukua muda gani. Hata jarida la wafamasia wa Uingereza lilimsifu kwa hilo.

Hujakisoma, kwa hiyo sikuharibii. Nakwambia kitu kimoja tu: mie kila siku ya Mungu namwambia mteja, "Mama, tikisa chupa kabla ya kunywa," naye ananiitikia bila kunisikiliza. Tangu nimemaliza kitabu hiki nalisema neno hilo kwa sauti tofauti. Ijumaa mama mmoja akaniuliza, "Mbona unanitolea macho?" Nikamwambia hakuna kitu, nenda salama.

Hata kijana anayepita na kipaza sauti chake, "panya, mende, kunguni, viroboto," simwangalii tena kama zamani. Nachungulia nani katoka ndani kununua.

Haya, tuje kwenye ugomvi wetu wa tangu bweni. Wewe vitabu vya jasusi Willy Gamba, mie vya mpelelezi Bwana Msa, na dada wa zamu kutunyang'anya vyote viwili na kuvisoma yeye. Ulikuwa ukinicheka: mpelelezi gani mzee na kiko chake, hata mbio hawezi. Basi nimeamua kuwarudia wote wawili kwa mpigo, niwe hakimu wa haki.

Bwana Msa kwanza. *Mzimu wa Watu wa Kale* ilimpa Muhammed Said Abdulla ushindi kwenye shindano la hadithi za Kiswahili la mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa 1960. Wewe na wenzako husema Msa ni Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa riwaya za Kiingereza, aliyevalishwa Kiunguja, na sahibu yake Najum ndiye Watson wake. Kiko nakubali. Usahibu wao nakubali. Lakini safari hii nimekaa nikaangalia kazi yenyewe anavyoifanya, nikaona tofauti. Holmes hufuata majivu ya sigara na matope ya kiatu. Msa hufuata nasaba. Nani kaolewa na nani, mtoto huyu ni wa nani hasa, jina hili kalitoa wapi, kwa nini bibi yule ananyamaza akitajwa fulani. Hayo si maswali ya maabara, ni maswali ya uani, ndiyo yale yale shangazi zetu huulizana wakichambua mchele. Na watu wa kijijini wakishasema "ni mzimu," yeye hawadhihaki. Anatulia, anavuta kiko, anauliza nani anafaidika watu wakiogopa kwenda kule.

Hapo nikamkumbuka Korede, ujue. Kwenye vitabu vya Abdulla mara nyingi jambo lililofichwa lilikwisha kujulikana na mtu, miaka mingi nyuma, akalifunika kwa sababu ya aibu ya nyumba. Kile kitendo cha kufunika ndicho kinachozaa balaa. *Duniani Kuna Watu* aliandika mwaka 1973, na jina lenyewe tunalisema mpaka leo tukisikia la ajabu, tunaongezea na viatu.

Ila na mie sasa ni mtu mzima, naona anavyochosha. Sadfa zimezidi. Watu wanakutana njiani wakati ule ule wanaohitajika, kama waliagana na mwandishi. Na mwishoni, Bwana Msa akianza kufumbua fumbo, hukaa kitako kama mwalimu wa hesabu: kwanza hivi, pili hivi. Nilikuwa nasinzia huku namheshimu.

Sasa subiri, maana hapa utafurahi.

Willy Gamba. Nimesoma tena *Kufa na Kupona* ya Elvis Musiba, na nakuomba radhi. Tulipokuwa na miaka kumi na sita mie niliona bastola na warembo tu, nikakiita kitabu cha wavulana. Safari hii nimeiona tarehe: 1974. Msumbiji haijapata uhuru. Angola bado. Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ina makao yake Dar es Salaam tangu 1963, wapigania uhuru wamejaa mjini, na wanaowawinda nao wamejaa. Ndipo Musiba anapoanza na nyaraka za Kamati hiyo kuibwa, na Gamba anatumwa Nairobi kuzifuata. Kwa msomaji wa mwaka ule hiyo haikuwa ndoto ya mchana. Miaka mitano tu nyuma, Februari 1969, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha wapigania uhuru wa Msumbiji, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Ndani ya kitabu, somo! Kifurushi kimekuja kwa posta, unafungua, umekufa. Halafu mie nilikuwa nauliza kwa nini Gamba hamwamini hata mhudumu wa hoteli.

Nikakumbuka marehemu babangu alivyokuwa akikisoma kitabu hiki bila kucheka hata kidogo, kasimama karibu na redio. Mie nilidhani anajidai.

Na lugha yake inakimbia. Abdulla anakuandalia meza, vijiko, leso. Musiba anakupa sahani mkononi na gari liko mbioni. Zote mbili nimezihitaji wiki hii, inategemea usingizi umefika wapi. *Kikosi cha Kisasi*, cha 1979, kinachompeleka Kinshasa, bado sijakirudia. Nakiwekea Ramadhani ipite.

Lakini wanawake wa Gamba bado wananikera, hapo sirudi nyuma. Kila anayefungua mlango ni mrembo kupindukia. Hakuna hata mmoja mwenye mafua, hata mmoja mwenye haraka ya kwenda kumchukua mtoto shule. Ningempa Korede ile kazi ya kumsaka, tungeona.

Ukiona huko *Tutarudi na Roho Zetu?* ya Ben Mtobwa, ninunulie. Changu nilimwazima jirani, akahama na kitabu. Joram Kiango, mpelelezi wake, nina maneno naye, ila ni ya barua nyingine.

Sasa sikiliza, hili ndilo lililonifanya nikae kuandika usiku huu badala ya kungoja. Kwa yule yule kijana wa turubai nimepata *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965, yenye Inspekta Wingo. Nimeisoma tangu jana mchana sijainuka, wali ukaungua. Nafika pale mambo yanapokaribia kufunguka, nageuza ukurasa: jalada. Kurasa za mwisho hazipo. Si kwamba zimechanika, zimekatwa kwa wembe, zimenyooka. Nani anafanya hivyo? Mtu kaketi nyumbani kwake kakata mwisho wa kitabu cha watu kwa makusudi. Nimerudi kwa kijana, akaniambia, "Mama, si umesoma nyingi, hizo chache za nini?"

Wewe unacho kizima, kile cha marehemu babako chenye jalada la gazeti. Usinitumie picha za kurasa. Usinipigie. Nataka kwanza tufanye kama zamani. Humu kwenye bahasha kuna kikaratasi nimekikunja mara nne, ndani nimeandika jina la ninayemshuku na sababu zangu tatu. Kitoe kitabu kabatini, kisome mpaka mwisho, ndipo ukifungue. Nikiwa nimepatia, unaniletea kitenge ukija Desemba. Nikikosa, nakukaangia samaki changu wiki nzima na sisemi neno juu ya Willy Gamba.

Wasalimie shemeji na wanao. Mwambie mkubwa ile dawa yake ya kikohozi ameze kwa siku zote nilizomwandikia, asiache akijisikia nafuu.

Kile kikaratasi nimekifunga kwa plasta ya kidonda, saini yangu imepita nusu juu ya plasta, nusu juu ya karatasi. Utakirudisha kwa basi pamoja na barua yako, na mie nitakiangalia kwanza kwenye mwanga.

Ni mimi,
Somo yako