Darubini za Texas na nguruwe wa Kwale

Mhariri,

Msomaji mmoja wa Kisauni mwenye shamba huko Kwale aliandika katika ukurasa huu akitaka serikali ya kaunti iwanunulie wakulima darubini za bunduki kama zile Wamarekani wanazowindia nguruwe usiku. Akauliza ipi bora, ya joto au ya kuonea gizani, na sikuona aliyemjibu. Mimi ni fundi wa kamera na darubini hapa Majengo, Mombasa. Swali lake naletewa dukani mara kwa mara na watu wenye mashamba ng'ambo ya Likoni, simu mkononi, video ya Texas ikicheza: nguruwe weupe pe wanakimbia kwenye uwanja mweusi, bunduki inalia, mmoja anaanguka. Naomba nafasi nimjibu, ingawa sidhani jibu litampendeza.

Nguruwe wa Texas si wanyamapori kwa maana tunayoijua sisi. Ni kizazi cha nguruwe wa kufugwa waliotoroka wakazaliana porini. Wahispania ndio waliowaleta wa mwanzo; Hernando de Soto alishuka nao Florida mwaka wa 1539. Baadaye sana wakaletwa nguruwe mwitu wa Ulaya kwa ajili ya kuwinda, damu zikachanganyika. Leo wanakadiriwa kufika milioni 6 nchini Marekani, na kwa Texas ni waharibifu tu. Tangu 2019 mtu hahitaji hata leseni ya uwindaji kumpiga nguruwe huyo kwenye ardhi ya mtu binafsi, mradi mwenye ardhi ameridhia. Kuwapiga kutoka kwenye helikopta kuliruhusiwa tangu 2011. Kwa hali hiyo si ajabu maduka yao yakajaa darubini za kila aina na watu wakabishana usiku kucha juu ya ipi inashinda ipi.

Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka wa 1977. Nguruwe mwitu anayefukua muhogo Mkongani na Lukore ni mnyamapori chini ya sheria ya 2013, kama alivyo palahala wa Shimba Hills. Mkulima akimpiga risasi, mwenye kesi ni mkulima, na hapo bado hatujauliza bunduki ameitoa wapi. Basi ile darubini ya kufunga juu ya mtutu, yenye alama ya kulengea na mwili wa kustahimili kishindo cha risasi, haina kazi shambani kwetu, na hivyo ndivyo vitu vinavyopandisha bei yake. Anayekuuzia hiyo kwa ajili ya kulinda mahindi amekuuzia kesi.

Kinachobaki ni macho. Mlinzi aliyekaa juu ya dungu na debe lake anahitaji kujua kama kuna kitu kimeingia shambani, kimeingilia upande gani, na ni kitu gani. Hapo ujuzi wa Wamarekani unatufaa, kwa sababu wao wameshavijaribu vifaa hivi kwenye vichaka na matope, si kwenye matangazo peke yake. Wanaviuza pia vya kushika mkononi, visivyohusiana na bunduki.

Darubini ya joto haihitaji mwanga wowote. Inapokea joto linalotoka kwenye kila kitu na kulichora kuwa picha, chenye joto zaidi kikionekana cheupe, au cheusi ukitaka kugeuza. Kwa kutafuta mnyama haina mpinzani. Unazungusha mkono taratibu kutoka pembe hii ya shamba hadi ile, na nguruwe aliyesimama kwenye mahindi yasiyofunga bado anajitokeza kabla jicho halijajua linatafuta nini. Majani yakiwa mazito, hata hivyo, haiyapenyi. Utaona vipande vya mnyama kwenye mianya, na nyuma ya mnazi hutaona kitu.

Lakini Texas si Pwani. Mteja mmoja aliniachia yake niitazame, nikapanda nayo juu ya paa baada ya Magharibi. Kuta za matofali na za mawe ya matumbawe zilikuwa zimekunywa jua mchana kutwa na sasa zinalirudisha. Mtaa mzima uling'aa. Paka aliyekuwa akitembea juu ya ukuta wa jirani nilimwona kwa macho yangu, nikiinua darubini anamezwa na ukuta, akiruka chini anarudi. Alfajiri nilipopanda tena, ukuta umepoa, paka yuleyule anang'aa kama taa. Shambani ni vivyo hivyo: saa moja na saa mbili usiku, mawe, vichuguu na udongo mtupu bado vina joto lao, na picha inakuwa na weupe mwingi usio na maana. Masika nayo ina lake. Mvua ikishanyesha, kila kitu kinakaribiana joto, na unyevu uliojaa hewani unapunguza kinachofika kwenye lenzi. Mnyama bado anaonekana, ila si kwa umbali ulioandikwa kwenye boksi.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: darubini ya joto haioni kupitia kioo. Niliijaribu kwenye dirisha la duka nikaona kivuli cha sura yangu mwenyewe. Kwa hiyo yule anayetaka kukaa ndani ya pikapu amefunga vioo kwa sababu ya mbu, ajue hataona hata ng'ombe. Ndiyo maana lenzi zake hutengenezwa kwa gerimani (germanium, elementi inayopitisha joto hilo) badala ya kioo, na gerimani ni ghali.

Sasa huo umbali. Boksi linaandika mita 1,800 na mtu anatoa pesa. Mita hizo maana yake ni kwamba kitu chenye ukubwa wa mtu kitaonekana kama doa la pikseli chache, yaani zile nukta ndogo zinazounda picha. Hesabu yake si ngumu, na nawaomba wasomaji waifanye kabla ya kulipa. Chukua sensa ya sasa, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea picha, yenye pikseli za maikromita 12 na lenzi ya milimita 19, ambayo ni ya kawaida kwenye vifaa vya bei nafuu. Kwa mita 100, kila pikseli inafunika kama sentimita 6. Nguruwe mwenye urefu wa mita moja anapata pikseli 16 hivi kutoka puani hadi mkiani: utaona mgongo, utaona miguu, ukikaza macho utaona kichwa kimeinama. Kwa mita 300 anabakiwa na pikseli 5. Pikseli 5 si nguruwe. Ni doa. Lenzi ya milimita 35 inaongeza maradufu au karibu yake, lakini inabana uwanja wa kuona, na kwenye shamba la ekari mbili lililozungukwa na vichaka uwanja mpana una faida kuliko kufika mbali. Nani Kwale ana mita 300 za wazi mbele ya dungu lake?

Hapo ndipo ninapotofautiana kabisa na ndugu yangu wa Kisauni. Darubini ya joto ni hodari wa kukwambia kuna kitu na ni dhaifu wa kukwambia ni nani. Mtu aliyechutama kufunga kamba ya kiatu, mtoto aliyefuata mbuzi, mgema anayeshuka mnazi alfajiri, ndama aliyekata kamba, wote kwenye sensa ndogo ni uvimbe mweupe. Wawindaji wa Texas walio makini huitumia ya joto kutafuta, kisha hawapigi mpaka wamehakikisha kwa njia nyingine. Wao wana ardhi yenye uzio na mwenye ardhi anajua nani yumo. Mashamba yetu yanapitwa na njia za miguu usiku na mchana, watu wanakwenda msikitini, matangani, kwenye maji. Kumpa kijana wa miaka ishirini kifaa kinachomwonyesha uvimbe mweupe, halafu kumpa na kitu cha kuurushia, hata kama ni mshale, ni jambo ambalo sitaki kulisoma kwenye ukurasa wa kwanza wa gazeti hili.

Ya kuonea gizani inasaidia hapo, kwa sababu picha yake inafanana na tunavyoona. Sura ya mtu ni sura ya mtu, kanzu ni kanzu. Ziko za namna mbili. Ya mrija, ile ya kijani ya wanajeshi, inakuza mwanga mdogo wa nyota na mwezi. Mirija ya daraja la tatu ya Marekani ni mizuri ajabu, lakini kuitoa nchini mwao bila kibali ni kosa kwa sheria zao. Nalitaja kwa sababu wapo wenye jamaa Houston au Dallas wanaofikiri shemeji ataificha ndani ya sanduku la nguo. Msimtie shemeji matatani.

Ya pili ni ya kidijitali, ambayo ndiyo wengi watakayoimudu. Ndani yake ni kamera tu, binamu wa zile za CCTV mnazoziona maduka ya Biashara Street, na tochi ya infraredi ambayo jicho letu haliioni. Tochi hizo zina namba, ambazo ni urefu wa wimbi la mwanga wake kwa nanomita. Ya 850 inafika mbali zaidi lakini ina kijiwekundu hafifu ukiitazama moja kwa moja. Ya 940 haina wekundu ila inafika karibu. Nguruwe haoni wekundu vizuri, kwa hiyo kwake 850 si tatizo kubwa. Mwizi wa nazi ataiona. Tatizo lake kwa Pwani ni kwamba tochi inapiga majani yaliyo mbele na ukungu wa alfajiri, mwanga unakurudia usoni na nyuma yake kunakuwa giza. Ukiwa juu ya dungu, ukitazama kwa juu, shida hiyo hupungua sana. Nimeona watu wakisifu au kulaani kifaa kilekile, na tofauti yao ni kwamba mmoja alikuwa amesimama nyasini.

Nikilazimishwa kuchagua kwa mlinzi wa shamba la kawaida, nitachukua ya joto ya mkononi, ndogo, lenzi pana, na tochi nzuri ya kawaida kando yake. Joto linatafuta, tochi inathibitisha, debe linafukuza. Mnyama akimulikwa na kelele zikapigwa anaondoka, na mtu akimulikwa anasema "Ni mimi, jamani." Ukikuta kifaa kimeandikwa hezi 9, maana yake kinatoa picha 9 kwa sekunde. Mwindaji atakikataa kwa sababu nguruwe anayekimbia ataonekana anarukaruka. Kwa mlinzi kinatosha na huwa na bei nafuu. Ngiri hatakusumbua saa hizo, yeye usiku amelala pangoni; ukiona kundi la usiku ni nguruwe mwitu.

Na tafadhali kitunzeni. Kazi nyingi zinazonijia hapa si za kuanguka, ni za kuvu. Darubini inatoka shambani na umande, inafungiwa ndani ya mkoba wake mzuri, inawekwa kabatini, na baada ya masika nikiifungua nakuta nyuzi nyeupe zimetambaa ndani ya lenzi na kula rangi yake ya juu. Kuvu ikishakula hiyo rangi hakuna fundi wa kuirudisha. Ifuteni kwa kitambaa safi, iacheni ikauke nje ya mkoba, tieni vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Lenzi ya gerimani msiifute kwa pindo la shati lenye chumvi na mchanga. Ngozi yake ya juu inachubuka, na bei ya lenzi mpya inakaribia ya kifaa kizima.

Kuhusu ombi la kaunti kununua: pesa hizo zikipatikana, zisinunue darubini za bunduki hata moja. Zinunue chache za mkononi, zikae kwa maafisa wa wanyamapori wanaoitwa usiku, maana hao ndio sheria inawatambua. Zinazobaki ziende kwenye uzio imara na kwenye madungu yaliyojengwa sawasawa, kwa sababu mkulima aliye chini, nyuma ya mahindi yake mwenyewe, hataona kitu hata umpe kifaa cha dola elfu tano.

Wenye maduka na wanaouza mitandaoni nao waandike kwenye matangazo yao milimita za lenzi, ukubwa wa sensa na hezi, badala ya zile mita elfu na ushee. Ndugu yangu wa Kisauni akiwa ameshaagiza, aniletee kabla hajamaliza kulipa. Nitaipandisha paa saa mbili usiku, wakati kuta bado zina moto, na simtozi kitu.

Fundi wa kamera,
Majengo, Mombasa