Risala ya Kikundi cha Sanaa za Maonesho kwa Mgeni Rasmi: Lupita Nyong'o na Ombi Letu la Jukwaa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuitikia wito na kuja kukaa nasi katika siku hii ya sanaa hapa shuleni. Habari za taaluma, idadi ya wanafunzi na matokeo ya mitihani Mkuu wa Shule ameshakueleza. Sisi tumeomba tusome habari za mwigizaji mmoja, Lupita Nyong'o, kwa kuwa ombi tutakalolileta mbele yako linatokana na maisha yake.

Watu wengi wanamfahamu kwa usiku mmoja tu. Tarehe 2 Machi 2014, siku moja baada ya kutimiza miaka 31, alipanda jukwaani Los Angeles akapokea tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike. Tuzo hiyo aliipata kwa filamu ndefu ya kwanza aliyoigiza, na hakuna Mkenya aliyewahi kushinda tuzo hiyo kabla yake. Mtu akiishia hapo atasema binti huyu ana bahati. Nasi tulisema hivyo, mpaka mwalimu mlezi wa kikundi alipotutaka tusome alikotoka.

Alizaliwa Mexico City mwaka 1983, wakati baba yake, Profesa Anyang' Nyong'o, akifundisha chuo kikuu nchini humo. Angali mchanga familia ikarudi Kenya, akakulia Nairobi. Baba huyo ndiye aliyekuja kuwa gavana wa Kisumu, ng'ambo ya ziwa letu hili. Akiwa na miaka 14, umri wa wadogo zetu wa kidato cha kwanza na cha pili, Lupita aliigiza Juliet katika tamthilia ya Shakespeare na kikundi cha Phoenix Players cha Nairobi. Tunaomba wazazi waliozoea kutuambia kwamba maigizo yanapoteza muda wa masomo waupime umri huo. Alianza akiwa mwanafunzi, na masomo hakuyaacha.

Alipokwenda Marekani alisomea filamu na tamthilia katika chuo cha Hampshire. Filamu ya The Constant Gardener ilipopigwa Kenya, alipata kazi ndogo ya usaidizi nyuma ya kamera, ile ya kutumwa huku na kule. Huko alizungumza na mwigizaji Ralph Fiennes, ambaye alimshauri aingie katika uigizaji endapo tu anaona hawezi kuishi bila kazi hiyo. Ushauri mgumu kwa binti aliyetarajia kutiwa moyo. Hata hivyo aliendelea.

Kazi iliyofuata, Mheshimiwa, inatugusa sana sisi wa Kanda ya Ziwa. Mwaka 2009 alitoa filamu ya maisha halisi iitwayo In My Genes, aliyoiandika na kuiongoza mwenyewe, kuhusu Wakenya wenye ualbino. Miaka hiyohiyo, katika mikoa yetu hii, watu wenye ualbino walikuwa wakiuawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina, na watoto wakihamishiwa katika shule za bweni zenye uzio ili wawe salama. Lupita hakuwa na jina wakati huo, wala filamu ile haikumpa utajiri. Aliwapa kamera watu ambao majirani zao walikuwa wakiwakwepa hata kuwatazama, akawaacha waseme wenyewe. Kwetu sisi hiyo ni kubwa kuliko gauni lolote alilovaa kwenye zulia jekundu.

Baadaye alijiunga na shule ya tamthilia ya Chuo Kikuu cha Yale. Huko, tamthilia ya Eclipsed ya Danai Gurira, inayohusu wanawake katika vita vya Liberia, ilipochezwa mwaka 2009, yeye alikuwa mwigizaji wa akiba. Alijifunza maneno yote ya nafasi ya mtu mwingine, akisubiri endapo mwenzake angeugua. Mwaka 2016, tayari ana Oscar, aliirudia tamthilia hiyohiyo Broadway, kwenye kumbi kubwa za tamthilia za New York, akiwa miongoni mwa wahusika wakuu, akapendekezwa kuwania tuzo ya Tony, ambayo hutolewa kwa maonesho ya jukwaani. Mtu mwenye sanamu ile ya Oscar angeweza kubaki kwenye filamu na fedha zake. Alirudi jukwaani, kucheza mbele ya watu waliokaa hatua chache kutoka kwake.

Sasa tuzungumzie nafasi iliyompa Oscar, aliyoipata muda mfupi tu kabla ya kuhitimu Yale mwaka 2012. Katika filamu ya 12 Years a Slave, iliyoongozwa na Steve McQueen, aliigiza Patsey, msichana mtumwa katika shamba la pamba huko Louisiana. Patsey alikuwa mtu wa kweli. Habari zake ziliandikwa na Solomon Northup, aliyetumikishwa naye shamba moja, katika kitabu cha mwaka 1853. Katika filamu anachuma zaidi ya pauni 500 za pamba kwa siku, kuwashinda wanaume wote, na bado anachapwa viboko kwa kwenda kwa jirani kutafuta kipande cha sabuni. Sisi tunaosoma habari za Kilwa na Bagamoyo katika somo la Historia tumezoea kuona utumwa kama tarehe na mishale kwenye ramani. Mwigizaji mmoja ametufanya tuone mgongo wa mtu. Na alipopokea tuzo, mojawapo ya mambo ya awali aliyoyataja ni kwamba furaha yake ile imetokana na maumivu makubwa ya mtu mwingine. Akamshukuru Patsey.

Mwaka huohuo wa 2014 alieleza hadharani kwamba utotoni alikuwa akimwomba Mungu aamke asubuhi akiwa mweupe. Alisimulia pia barua ya msichana aliyekuwa karibu kununua krimu ya kujichubua, akaghairi baada ya kumwona yeye. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tusifichane. Mkorogo upo mitaani kwetu, na upo katika masanduku ya baadhi yetu bwenini, ijapokuwa vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini. Walimu wamekemea, matroni amepekua. Mwaka huu kikundi chetu kimetunga igizo kuhusu jambo hilo, na baada ya kuliona, wenzetu kadhaa walikuja wenyewe kuzungumza na mwalimu wa malezi. Makaripio yalikuwa hayajawahi kuwaleta.

Lupita ameendelea na kazi. Aliigiza mama wa mtaa wa Katwe, Kampala, katika Queen of Katwe mwaka 2016. Akaandika kitabu cha watoto, Sulwe, kuhusu binti mwenye ngozi nyeusi kama usiku. Na mwaka 2024 akawa mtu mweusi wa kwanza kuongoza jopo la majaji wa tamasha la filamu la Berlin.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kila hatua tuliyoisoma ina mahali pa kujifunzia na mtu wa kufundisha. Sisi tunaigiza bwaloni, baada ya meza za chakula kusogezwa ukutani, na pazia letu ni mashuka ya bweni. Somo la Sanaa za Maonesho linatahiniwa kitaifa katika kidato cha nne, lakini hapa hatuna mwalimu aliyelisomea. Mwalimu mlezi wetu ni wa Kiswahili, na anatufundisha jioni bila malipo.

Kwa hiyo tunaomba utusaidie kupata jukwaa la kudumu, hata la matofali na saruji lisilo na paa, pamoja na taa za kuliangazia. Tunaomba utusemee kwa mamlaka zinazohusika tupangiwe mwalimu wa somo hili. Na tunaomba usafiri, walau wa wanakikundi wachache, tukaione Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, tujue vijana wanafundishwaje kazi hii hapa nyumbani.

Baada ya risala hii tutakuonesha igizo letu la mkorogo. Karibu sana.

Tunaomba kuwasilisha.

Imeandaliwa na kusomwa na wanachama wa Kikundi cha Sanaa za Maonesho.