Kazi ya chini ya lipu nayo ilipwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie lipu za nje zinazobanduka kwenye kuta za zege. Hapa Tanga wenye nyumba wengi huilaumu saruji, ilhali mara nyingi kasoro imo katika maandalizi ya ukuta.

Tofali hunywa maji na kuishika lipu. Zege lililomwagwa ndani ya mbao hutoka laini, na aghalabu hubaki na oili iliyopakwa ili mbao zisigande, hivyo lipu inayopigwa juu yake moja kwa moja huonekana imeshika, kumbe baada ya misimu michache ya jua na mvua ukiigonga kwa kidole unasikia uwazi ndani. Mafundi wazoefu wanajua la kufanya: oili isuguliwe iishe, uso wa zege uchongwechongwe kwa nyundo na tindo, ukuta uloweshwe, kisha urushiwe mchanganyiko mwepesi wa kipimo kimoja cha saruji kwa vipimo viwili vya mchanga wa chenga, uachwe na mikwaruzo yake na kumwagiliwa kwa siku mbili hivi kabla ya lipu yenyewe. Tabaka la juu la lipu lisiwe kali, yaani lenye saruji nyingi, kuliko la chini. Saruji moja kwa mchanga nne chini, kisha moja kwa tano au sita juu, inatosha, kwani saruji ikizidi lipu husinyaa na kupasuka. Mchanga wa ufukweni usitumike kamwe, hata kama uko karibu na ni wa bure, kwa kuwa chumvi yake hutoka kama unga mweupe na kubandua rangi. Na pale nguzo ya zege inapokutana na tofali, ambapo nyufa huanzia, ni vyema kupigilia wavu wa waya kabla ya lipu.

Sioni haki kuwatupia mafundi lawama zote. Fundi hulipwa kwa mita ya mraba ya lipu inayoonekana. Kuchonga, kurushia na kumwagilia lipu kwa wiki nzima ni kazi ambazo hakuna anayezilipia, na fundi anayezitaja katika bei yake hunyimwa kazi. Nawasihi wenye nyumba wayaandike mambo hayo matatu katika makubaliano, kila moja na malipo yake, na wazuie sehemu ya fedha hadi siku saba za kumwagilia zitimie.

Fundi mwashi mstaafu,
Tanga