Chungu cha Odundo hakikutoka mkono mmoja

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mfinyanzi Magdalene Odundo ilinifurahisha, kisha ikanikera. Ilimsifu kama mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1950 aliyehamia Uingereza mwaka 1971 na ambaye mwaka 2020 alitunukiwa na Uingereza heshima ya kuitwa Dame, na yote hayo ni kweli. Lakini maonyesho yake ya mwaka 2024 katika jumba la Houghton, huko Norfolk, Uingereza, ambako kazi zake za miaka mingi zilikutanishwa, yalipewa sentensi moja tu, kana kwamba jumba lile lilikuwa rafu ya kupangia vyungu. Hapo, kwa maoni yangu, mwandishi alipita mlangoni bila ya kuingia.

Houghton si ukumbi mtupu wenye kuta nyeupe. Lilijengwa katika miaka ya 1720 kwa ajili ya Robert Walpole, anayehesabiwa kuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uingereza, na vyumba vyake vikapambwa na William Kent, fundi ambaye hakubania dhahabu wala mahameli. Milango na ngazi kuu ni za mahogani. Serikali ya Walpole mwenyewe ndiyo iliyofuta, mwaka 1721, ushuru wa mbao kutoka makoloni ya Amerika, na baada ya hapo meli zikawa zinaleta mahogani kutoka Jamaica, ambako magogo yalikatwa na kukokotwa na watumwa wenye asili ya Afrika. Sasa fikiria chungu cha Odundo katika nyumba yenye milango ya namna hiyo: tumbo la mviringo, shingo iliyoinama kidogo kama ya mtu anayetega sikio, na mdomo ulioachwa upande kwa makusudi. Hakikupakwa rangi ya dukani. Kimepakwa uji mwembamba wa udongo, kikasuguliwa mpaka kikang'aa, kikachomwa kikatoka chekundu. Na kinachotakiwa kiwe cheusi hurudishwa motoni pamoja na vipande vya mbao, ambavyo vikiungua huimaliza hewa tanurini, na udongo ukageuka mweusi. Weusi ule, basi, umetokana na mbao iliyoungua, na umekwenda kusimama katika nyumba iliyojengewa fahari yake kwa mbao ya watumwa. Sijui kama mwenyewe alikusudia hivyo, ila mimi siwezi kuvitenganisha.

Makala haikutaja kabisa kazi aliyoifanya pamoja na mafundi wa Wedgwood, kiwanda cha vyombo vya udongo cha Uingereza, ambayo nayo iliwekwa Houghton. Ni chombo kikubwa cha udongo wa jasper, ule usiotiwa gilasi, yaani tabaka la kung'aa kama kioo, na unaopambwa kwa sanamu ndogo zilizoinuka, ambao Josiah Wedgwood aliubuni katika miaka ya 1770. Wedgwood huyo huyo alitoa, mwaka 1787, nishani ndogo yenye sura ya Mwafrika aliyepiga magoti, mikono imefungwa minyororo, akiuliza kama yeye si mtu na ndugu. Nia ilikuwa njema, na nishani ile ilisaidia sana kampeni ya kupinga utumwa; hata hivyo, yule mtu bado amepiga magoti. Mwanamke wa Kenya alipokwenda kukaa na mafundi wa jina lile lile na kuunda nao chombo kinachoirudia historia hiyo, aliingia akiwa amesimama, tena kama fundi mwenzao.

Wala ushirikiano haukuanzia kwa Wedgwood. Mwaka 1974 Odundo alikwenda katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja, Nigeria, na huko akajifunza kwa wanawake wa kabila la Gwari, akiwamo Ladi Kwali, namna ya kupandisha chungu kwa mkono, tabaka juu ya tabaka la udongo, pasipo gurudumu. Ladi Kwali yumo nyuma ya noti ya Nigeria ya naira 20, akiwa na chungu chake. Sisi hapa tuna methali kwamba mfinyanzi hulia gae, na inaelekea tumeiridhia, kwa kuwa sioni mfinyanzi katika noti zetu.

Nyumbani kwa bibi yangu, hapa Mji wa Kale, mtungi wa maji ulikuwa ukifukizwa ubani kabla ya kujazwa, ukafunikwa kwa kitambaa, na maji yake yalikuwa na ladha ambayo friji haijawahi kuitoa. Mtungi kama ule niliuona miaka michache iliyopita katika jumba moja la makumbusho. Kikaratasi chake kilitaja udongo, eneo na matumizi. Aliyeufinyanga hakutajwa.

Makala yenu ilimalizia kwa kutaka kazi za Odundo zijengewe ukumbi mpya wa kisasa siku zitakapoletwa Kenya. Mimi naomba pasijengwe kitu. Tunayo Nairobi Gallery, ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa iliyojengwa mwaka 1913, ambayo sasa inahifadhi sehemu ya mkusanyiko wa Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya. Ni nyumba ya ukoloni kama ilivyo Houghton nyumba ya utajiri wa enzi yake, nayo ina mengi ya kujibu. Humo ndimo watu walimokwenda kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Kazi za Odundo ziwekwe humo pamoja na mitungi ya wanawake wa Nyanza na wa Pwani wanaofinyanga hadi leo, wao wenyewe washirikishwe kuipanga, na kabla ya mlango kufunguliwa kila mmoja aandikishe jina lake, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile.

Msomaji wenu,
Mji wa Kale, Mombasa