Mwambie shemeji atazame ukuta

Kaka Hamisi,

Salamu nyingi. Huku wazima, mengine tukionana. Ubishi wako na shemeji hauwezi kuisha kwenye simu, ndiyo maana naandika. Anauliza Ohio State walifungwaje na Michigan, tena kwao Columbus, halafu wakawa mabingwa wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo msimu wa 2024. Eti magumashi. Magumashi gani? Mtoano ulikuwa wa timu 4 mpaka msimu uliotangulia, na timu yenye vipigo viwili haikuwahi kuingia. Msimu huo wakaongeza zikawa 12, Ohio State wakaingia wakiwa nambari 8.

Lakini kuingia si kushinda. Habari yenyewe ni ukuta, wale mapande 5 ya watu mbele ya kwotabeki, yule mrusha pasi. Wa kushoto kabisa, Josh Simmons, aliumia Oktoba 12 kule Oregon, mechi waliyolala 32-31. Kwotabeki wao, Will Howard, anarusha kwa mkono wa kulia, kwa hiyo wa kushoto ndiye mlinzi wa mgongo wake. Akipitwa tu, kwotabeki anapigwa asikoona. Baadaye wakamtoa Donovan Jackson nafasi ya jirani wakamweka pale. Novemba, Seth McLaughlin wa katikati naye akaumia kano ya kisigino mazoezini. Ukuta ukawa wa viraka.

Na kwa viraka hivyo, Novemba 30, wakang'ang'ania kupita katikati, penye Mason Graham na Kenneth Grant, mabeki wa mbele wa Michigan! Walikimbia na mpira mara 26, wakapata yadi 77 tu. Una majaribio 4 ya kupata yadi 10. La kwanza likikupa 2, mpinzani keshajua utarusha, anakuja mzima mzima. Pasi 2 zikanaswa, mikwaju 2 ya nguzoni ikapotea, wakalala 13-10. Mara ya nne mfululizo kwa watani wa jadi. Mashabiki wa Ohio walivyowaka, Kariakoo ingesingiziwa upole.

Kwenye mtoano wakabadilika. Walirusha mapema, pembeni, kwa Jeremiah Smith, kijana wa mwaka wa kwanza. Mabeki wakitanuka kumfuata, katikati panapungua watu na ukuta unapumua. Tennessee 42-17. Oregon walewale wakajikuta 34-0 kabla ya mapumziko, mwisho 41-21.

Texas ndio waliotisha. Wako nyuma 21-14, yadi 1 tu wafunge, wakaamua kuzunguka pembeni: wakarudishwa yadi 7. Jaribio la nne Jack Sawyer wa Ohio State akamchomoa kwotabeki wa Texas, Quinn Ewers, mpira, akakimbia nao yadi 83. 28-14.

Halafu fainali, Atlanta, Januari 20, 2025. Notre Dame wamefufuka, 31-23, Ohio State wako jaribio la tatu, zimebaki yadi 11. Notre Dame wakamwachia Smith beki mmoja. Viraka vikashika, Howard akapata muda, akamrushia Smith, yadi 56! Ikaisha 34-23. Hapo ndipo shemeji arudie kutazama, na asiufuate mpira.

Sasa niambie, kreti ya soda kalipa au bado anazungusha? Mama mdogo mguu unaendeleaje? Yule mpwa aliyeomba chuo Ohio wamemjibu? Na king'amuzi chenu kinaonyesha hizi mechi, au mnaambulia vipande vya kwenye simu?

Wako,
Saidi